Bega linaniuma tangu nichomwe chanjo ya mafua: je, nina haki ya fidia?

Swali: Wakili, habari za kazi. Naishi Ohio, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Oktoba mwaka jana nilichanjwa famasia siku moja: ya mafua mkono wa kushoto, ya Uviko mkono wa kulia. Usiku uleule bega la kushoto likaanza kuuma. La kulia halikunisumbua. Nilidhani litapoa lenyewe. Desemba nikaenda kwa daktari, akanipa dawa na kunielekeza fiziotherapia. Nilianza Januari, nikaacha Februari kwa sababu ya gharama na zamu za usiku. Sasa ni Mei, sifungi sidiria mwenyewe wala sifikii rafu ya juu ya kabati. Nimeomba karatasi za famasia, nikakuta sindano zote mbili zimeandikwa mkono wa kulia. Daktari naye kaandika maumivu yalianza "wiki tatu zilizopita". Mume wangu anasema tuachane nayo, wakili hatumwezi, na kushitaki famasia kutaniletea matata kazini. Nina haki yoyote?

Jibu: Dada, pole sana kwa maumivu, na pole zaidi kwa kuyabeba miezi saba huku ukiinua watu wazima usiku kucha. Haki unayo, na muda bado unao. Kinachonitia wasiwasi ni karatasi zako. Kuna mambo matatu ya kushughulikia, na moja ni la wiki hii hii.

Kwanza nimtoe shemeji hofu. Dai hili halimgusi mwajiri wako, na halianzi kwa kuishitaki famasia. Mwaka 1986 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya madhara ya chanjo, baada ya wimbi la kesi kuwafanya watengenezaji kadhaa waache kutengeneza chanjo za watoto. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa Mpango wa Taifa wa Fidia kwa Madhara ya Chanjo, unaojulikana kwa herufi VICP, na unapokea madai tangu Oktoba 1988. Unayemdai ni Waziri wa Afya na Huduma za Jamii, kwa cheo chake, na mawakili wa Wizara ya Sheria ndio wanaomtetea. Pesa inatoka kwenye mfuko unaojazwa na kodi ya senti 75 kwa kila dozi kwa kila ugonjwa unaokingwa. Mfuko huo umeshalipa zaidi ya dola bilioni 5. Watu wazima wanadai kama watoto, na katika miaka ya karibuni madai ya mabega ndiyo yanayoongoza kwa wingi.

Hata ungetaka kuanza na famasia, sheria ingekuzuia: kwa chanjo iliyo ndani ya mpango huu, dai linalozidi dola 1,000 dhidi ya aliyekuchoma sindano au aliyeitengeneza lazima lipitie hapa kwanza. Hukumu ikishatoka una siku 90 za kuikubali au kuikataa, na ukiikataa ndipo unaweza kwenda mahakama ya kawaida. Wachache sana hufanya hivyo. Tahadhari moja tu: famasia au bima yao wakikupigia na kukupa kitu kidogo "tuyamalize", usisaini chochote kabla ya kuongea na wakili. Kupokea malipo ya namna hiyo kunaweza kukufungia mlango huu.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huna haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Hakuna atakayekuuliza mfamasia alikuwa na haraka au alikaa vipi. Jeraha lako lina jina kwenye Jedwali la Madhara ya Chanjo, yaani orodha ya serikali ya madhara yanayochukuliwa kuwa yametokana na chanjo. Jina hilo ni SIRVA, yaani jeraha la bega linalotokana na namna chanjo ilivyodungwa. Liliingizwa kwenye jedwali kwa madai yote yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 21 Machi 2017. Januari 2021 Wizara ya Afya ilichapisha kanuni ya kuliondoa, na Aprili mwaka huohuo kanuni hiyo ikafutwa kabla ya kuanza kazi. Nakutajia historia hii kwa sababu jedwali linalotumika ni lile lililopo siku unapofungua shauri. Anayekaa na dai lake nyumbani anacheza na kitu kinachoweza kubadilishwa.

Ndani ya bega kilichotokea huenda ni hiki. Sindano ya chanjo inatakiwa iingie kwenye mnofu mnene wa juu ya mkono, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ikichomwa juu zaidi ya hapo, dawa huweza kuingia kwenye kifuko cha ute kinacholainisha bega, au kwenye kano zilizo chini yake. Chanjo kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamshwa ndani ya kiungo, panawaka moto usiozimika kwa siku mbili. Matokeo yake ni uvimbe wa kile kifuko, kano kuvimba au kuchanika, na baadaye bega kuganda, ambapo mkono hauendi hata ukisukumwa na mtu mwingine. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipopitia ushahidi wote, katika ripoti yake ya 2012 ilikubali kwamba sindano inaweza kusababisha uvimbe wa kifuko cha bega. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kudai fidia ni kuipinga chanjo. Mbinu ya kudunga ndiyo iliyokuumiza, na mwakani utahitaji kinga ya mafua kama mwaka huu.

Sasa masharti. Ili upite kwa njia ya jedwali, bega lako lisiwe na tatizo la zamani linaloeleza maumivu haya. Maumivu yawe yalianza ndani ya saa 48 baada ya sindano. Maumivu na kushindwa kuinua mkono viwe kwenye bega lililochomwa tu. Na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, kama mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Juu ya hayo, sheria yenyewe inataka madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6 tangu sindano, au yawe yalikulaza hospitali na kufanyiwa upasuaji. Wewe kwa maelezo yako unatimiza yote. Kwa karatasi zako, bado.

Naanza na la wiki hii, hiyo miezi sita. Mara ya mwisho kuonekana kwa mtaalamu ni Februari, mwezi wa nne tangu sindano. Mtu anayesoma faili lako leo Washington, iliko mahakama inayoamua madai haya, ambaye hajawahi kukuona ukihangaika na kabati, anaona mgonjwa aliyetibiwa kidogo kisha akatoweka. Hitimisho lake rahisi ni kwamba ulipona. Sheria inamkataza hakimu kutoa fidia kwa maneno ya mdai peke yake. Lazima kuwe na rekodi za matibabu au maoni ya daktari. Panga miadi sasa. Unahitaji tiba kwanza kabisa, maana bega lililoganda likiachwa huchukua muda mrefu zaidi kulegea. Ukifika, eleza kwamba maumivu hayakuwahi kukoma tangu Oktoba, kwamba uliacha mazoezi kwa sababu ya gharama na zamu, na umwombe aandike sababu hiyo. Mwonyeshe unachoshindwa: kufikisha mkono mgongoni, kuinua pembeni. Apime mkono unafika nyuzi ngapi, na aandike. Muulize pia kama unahitaji kipimo cha MRI. Wadai wengi hupoteza pesa kwa ukimya wa miezi kwenye faili, kwa kuwa hata wakishinda, hakimu husema aliyekaa muda wote huo bila daktari hakuwa na maumivu makali. Mimi naona hukumu hiyo mara nyingine ni kali mno kwa mtu anayelipwa kwa saa, lakini ndivyo ilivyo, na dawa yake ni sababu iliyoandikwa mapema.

La pili ni "wiki tatu zilizopita". Nadhani najua ilivyotokea: uliulizwa bega lina muda gani, ukajibu limezidi wiki tatu hizi, na aliyekuwa akichapa akaandika kwamba lilianza wakati huo. Rekodi ya wakati ule ina uzito mkubwa kwa sababu mgonjwa huongea na daktari ili apone, wala hafikirii kesi. Hata hivyo sheria inamruhusu hakimu kukubali kwamba maumivu yalianza ndani ya muda unaotakiwa hata kama rekodi ilikaa kimya au ilikosea, mradi kuna ushahidi mwingine wenye nguvu. Basi tuutafute. Omba faili zima la fiziotherapia, si muhtasari. Ndani yake kuna fomu uliyojaza siku ya kwanza kwa mkono wako, mara nyingi ile yenye mchoro wa mwili wa mtu unaoweka alama panapouma, na chini yake swali: lilianza lini, kwa sababu gani? Kama Januari uliandika "Oktoba, baada ya sindano ya mafua", karatasi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa 10 za kiapo utakachoandika leo.

Halafu fungua simu yako. Tafuta ujumbe wa usiku ule na siku zilizofuata: ulimwambia dada yako mkono unauma, ulimwomba mwenzako kazini akusaidie kumgeuza mzee, uliuliza mtandaoni kama ni kawaida. Piga picha za skrini zikiwa na tarehe. Shemeji, ambaye nadhani ndiye aliyekufunga sidiria miezi yote hii, aandike hati ya kiapo: aliona nini, usiku gani, ulikuwa umelala upande upi. Mwenzako wa zamu aandike yake, kwa maneno yake. Ushahidi wa watu wawili wanaosema jambo moja kwa sentensi zilezile unanuka, na mahakimu hawa wamesoma maelfu. Daktari pia unaweza kumwomba kwa maandishi asahihishe rekodi. Ni haki yako kuomba, ingawa anaweza kukataa. Wewe mwenyewe usiguse hata herufi moja ya karatasi yoyote.

La tatu ni mkono. Hili linatisha kuliko mengine, ila limeshawakuta wengi. Kwenye famasia mara nyingi sehemu ya mkono hujazwa kwenye kompyuta kabla sindano haijachomwa, au programu hujaza yenyewe, na kwa sindano mbili za siku moja makosa huwa rahisi zaidi. Mahakimu wanalijua hilo. Kinachowashawishi ni kuona kila karatasi iliyofuata, kwa daktari na kwenye mazoezi, inasema kushoto bila kuyumba. Kwako inaelekea ndivyo ilivyo.

Lakini kuna swali ambalo rekodi hiyo imelifungua, nalo ni zito: unajuaje kwamba iliyoingia kushoto ilikuwa ya mafua? Tulia ukumbuke. Mfamasia alikutajia kila sindano kabla ya kuchoma? Ulichagua wewe mkono upi kwa ipi? Uliandikia mtu? Andika kumbukumbu hiyo leo, na tarehe ya leo. Nakuuliza kwa sababu chanjo ya Uviko haimo kwenye VICP. Inashughulikiwa na mpango mwingine wa fidia wa wizara hiyohiyo, CICP, ambao hauna mahakama, haulipi maumivu na mateso, haumlipi wakili, na hulipa tu gharama za matibabu ambazo hakuna mwingine aliyezilipa pamoja na sehemu ya mshahara uliopotea. Mbaya zaidi, muda wake ni mwaka 1 tu tangu siku ya sindano. Wako unakwisha Oktoba hii. Kama una shaka hata ndogo, mwambie wakili mapema ili aamue kama upeleke ombi huko pia. Kwa faida ya wasomaji wengine, chanjo ya mkanda wa jeshi na ile ya RSV, virusi vya njia ya hewa, nazo haziko kwenye VICP, wakati ya pepopunda, homa ya ini A na B, surua na HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, zimo.

Kwa dai la mafua una miaka 3 tangu dalili ya kwanza kuonekana. Kwako ni usiku ule wa Oktoba. Inayohesabika ni siku maumivu yalipoanza, hata kama jina la ugonjwa ulilijua miezi mingi baadaye. Hakimu akikuta umechelewa kwa siku moja, huruma yake haitakusaidia.

Umeniambia kazi yako ni kuinua wazee, na upande wa pili watalikamata hilo. Watasema kano ziliumia kazini. Mahakama kwa kawaida hutaka rekodi zako za matibabu za miaka 3 kabla ya chanjo, hivyo kama uliwahi kulalamikia bega lolote, au shingo, mwambie wakili kabla hajaliona mwenyewe. Tatizo la zamani lililopona halikuangushi lazima. Ganzi kwenye vidole itaje pia kwa daktari, ingawa inaweza kuelekeza kidole shingoni, kwa sababu ukiificha kwa ajili ya kesi unaweza kuukosesha mwili wako tiba unayohitaji.

Kuhusu wakili, hapa ndipo shemeji anapokosea, na nafurahi kwamba anakosea. Katika VICP wakili haruhusiwi kuchukua asilimia ya fidia yako. Analipwa na mfuko, kwa kiwango kinachokubaliwa na mahakama, na analipwa hata ukishindwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi. Akikwambia atakata theluthi ya fidia, ondoka. Gharama za kupata rekodi hurudishwa na mfuko. Ada ya kufungua shauri inazidi kidogo dola 400, mawakili wengi huitanguliza, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Shauri linafunguliwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, kwa hiyo wakili wako anaweza kukaa jimbo lolote. Hutapanda ndege, maana madai mengi ya bega humalizika kwa karatasi, au kwa kikao cha video. Tovuti ya mahakama hiyo ina orodha ya mawakili wanaochukua kesi za chanjo.

Linakwendaje? Wakili anakusanya rekodi zote, unaandika kiapo chako, hati inafunguliwa, na shauri la bega kwa kawaida hupelekwa kwenye kitengo cha mahakama kilichoundwa 2014 kwa ajili ya madai yanayoweza kumalizika bila mivutano mirefu. Madaktari wa wizara wanasoma. Wakikubali, mnajadili kiasi. Wakikataa, hakimu maalumu anaamua. Jiandae kwa miaka 2 au zaidi. Na ujue kwamba uamuzi huchapishwa hadharani ukiwa na jina lako. Una siku 14 tangu utolewe za kuomba taarifa fulani za kiafya zifichwe.

Kiasi gani? Sheria imeweka ukomo wa dola 250,000 kwa maumivu na mateso, na bega nadra kufika huko. Kwa majeraha yasiyofanyiwa upasuaji, maamuzi mengi huangukia kati ya dola 40,000 na 90,000. Yenye upasuaji mara nyingi hupita 100,000. Kando ya hapo unadai mshahara uliopotea na gharama za matibabu ulizolipa mwenyewe, pamoja na zile za mbele. Tunza hati za mshahara na risiti zote, hata ya dola 20 uliyotoa mapokezini. Kama Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ililipia matibabu, deni lake nalo huingizwa kwenye hesabu.

Kazini, hujamshitaki mtu yeyote hapo, na huna wajibu wa kutangaza dai lako. Kama chanjo ile ilikuwa sharti la ajira, uliza pia kuhusu fidia ya wafanyakazi ya Ohio, yenye muda wake na taarifa zake. Malipo hayo hayakuzuii kudai huku, ila kitu kimoja hakilipwi mara mbili. Na kwa dada wengi wanaoniandikia wakiogopa karatasi za uhamiaji: sheria hii inauliza chanjo ulichomwa wapi. Ukichomwa ndani ya Marekani, haidai uwe raia.

Ukimpigia wakili, anza na tarehe ya sindano na tarehe ya maumivu, kisha mweleze kuhusu mikono miwili iliyoandikwa mmoja. Usimfiche kasoro hata moja kati ya hizi tatu. Asiyetaka kuzisikia, mpigie mwingine kwenye orodha. Lakini miadi ya daktari ipange kwanza, kabla ya simu hiyo.